Pau Tano za Mtoro

Kibiti watu husimulia kwamba mwanangu Mtoro alipata kazi ya stoo kwa kucheza karata. Wengine hucheka, na wengine husema ilikuwa kamari. Haikuwa kamari, wala hakuna senti iliyowekwa mezani. Nilikuwapo, nimekaa hatua mbili nyuma ya mgongo wake nikisuka ukili wa mkeka, na karata zake nilikuwa naziona zote kumi na tatu. Kwa hiyo acha nieleze mimi.

Nilimwita Mtoro kwa sababu wawili waliomtangulia hawakukaa. Huyu alipomaliza siku arobaini nikasema ametoroka, na jina likabaki hilo. Alikulia bondeni, kwenye dungu, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo tunamokaa mashambani maji ya Rufiji yanapopanda na nguruwe wanapousaka mpunga. Mtoto mwenye homa juu ya dungu, maji pande zote, utampa nini? Nilimpa karata. Nilimfundisha wahedi wa sitini kabla hajaenda shule, na akiwa na miaka saba alikuwa ananifunga.

Asiyejua wahedi wa sitini nimwambie kidogo, maana ndimo kosa lilimotoka. Karata zenye picha tunaziita wazungu, na kila mzungu ana hesabu yake. Mfalme ni nne, ndiyo maana anaitwa mzungu wa nne. Yule kijana mwenye kofia ni mzungu wa tatu. Bibi ni mzungu wa pili. Mtoto akishajua majina amejua hesabu, basi.

Mtoro alisoma mpaka darasa la nne, akaajiriwa na kampuni iliyokuwa inanunua boriti za mikoko. Wakampeleka Kiongoroni, kule mwisho wa delta karibu na bahari, awe karani wa kuhesabu boriti na pau, zile nyembamba zaidi, zinapopakiwa majahazini korja kwa korja, yaani ishirini ishirini. Alioa huko huko, akamwoa Sijaona, binti wa wakata mikoko. Mke mzuri, mwepesi wa kazi na wa maneno. Mimba yake ya kwanza iliharibika ndani ya mtumbwi, katikati ya mfereji, tukingoja maji yajae ili tufike kwa mganga wa serikali. Nilikuwa nimemshika kichwa. Sitasema zaidi ya hapo.

Mwaka ule aliotawazwa Malkia wa Uingereza, Sijaona akawa mjamzito tena, miezi mitano. Na mwezi huo huo karani wa stoo ya kampuni hapa Kibiti akahamishwa. Kibiti kuna zahanati na kuna barabara. Nyumba yangu iko hapa hapa. Nilijua mara moja ninachokitaka, na sikukitaka kidogo.

Aliyekuwa na neno ni karani mkuu, Bwana Husseini, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye miwani na kanzu isiyo na kunyanzi. Mkewe Mashavu ni shoga yangu. Bwana Husseini alijifunza mchezo wa briji alipokuwa Dar es Salaam, na kila Jumamosi baada ya alasiri aliucheza barazani kwake. Mwenzake alikuwa Mwalimu Maneno wa shule, na upande wa pili alikaa Khamisi wa zahanati, tuliyemwita Bwana Dresa, pamoja na yule karani aliyehamishwa. Sasa walikuwa watatu na kiti kimoja kitupu.

"Nina majina mawili," Bwana Husseini alimwambia mkewe mbele yangu. "La mtoto wa shoga yako na la karani wetu wa Ruaruke. Wote wana maandishi mazuri. Huyo wa Ruaruke briji anaijua, nimeshamwona. Mtoro ana likizo ya siku kumi. Acha aje akae nami mezani Jumamosi mbili, nione anavyonadi."

"Unachagua karani au mchezaji?" Mashavu akamuuliza.

"Ni kitu kimoja. Mtu anayenadi juu ya nguvu yake ataniandikia korja mia kwenye stoo yenye korja themanini. Anayenadi chini ataniachia lori liondoke nusu tupu."

Hapo nieleze briji kwa ufupi, kama nilivyoielewa kwa kukaa mlangoni pa Mashavu Jumamosi nyingi. Watu wanne, wawili wawili, wenzi wakitazamana. Kila mmoja anapata karata kumi na tatu. Karata nne zikishuka mezani, mwenye kubwa anazikusanya, na hilo ni fungu moja. Kwa hiyo mafungu ni kumi na matatu. Lakini kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mtu kwa zamu anataja idadi na rangi: kopa, uru, shupaza au pau. Rangi itakayoshinda mnada ndiyo turufu, inayokata nyingine zote. Ukisema "moja" umeahidi mafungu saba, ukisema "nne" umeahidi kumi. Usipotaka kunadi unasema pasi. Aliyepanda juu kabisa ndiye anayecheza, na asipotimiza ahadi yake amejiaibisha yeye na mwenzake.

Na kwa nini upande mmoja hupanda juu na mwingine hunyamaza? Kwa hesabu ya karata kubwa. Nilimsikia Bwana Husseini akimkaripia yule karani wa zamani mara nyingi mpaka nikaikariri bila kutaka.

Jumamosi ya kwanza Mtoro alikuja na shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe. Aliketi akatulia kama mwenye nyumba. Kule Kiongoroni walikuwa wakicheza briji na wapimaji wa kampuni siku ambazo vyombo vimechelewa, hivyo hakuwa mgeni wa mezani. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, mwanangu hatetemeki.

Kutotetemeka ndiko kulikomponza. Alinadi kopa moja, akapanda, Bwana Dresa akamfuata kwa kumwamini, wakafika kopa nne. Wakapata mafungu saba. Mara ya pili shupaza nne, wakapata manane. Mara ya tatu Bwana Dresa alimtazama Mtoro kwa muda.

"Mdogo wangu," akasema, "hizo karata zako ulizonazo, mimi mbona sizioni zikishuka?"

"Zilikuwapo, kaka."

"Zilikuwapo wapi? Kiongoroni?"

Mwalimu Maneno akacheka mpaka akajifuta macho. Bwana Husseini hakucheka. Aliandika kwenye kijitabu chake cha mchezo, akakifunga. "Huyu ananadi kwa ukubwa wa moyo," akasema. "Moyo si karata."

Tukashika njia ya nyumbani. Mtoro alitembea mbele yangu akipiga mluzi. Nikamwambia, "Unapiga mluzi?" Akaniambia, "Mama, karata zilikataa. Jumamosi ijayo zitakubali." Ni mtu wa namna hiyo. Mimi ndiye niliyekwenda kulala na kopa nne kichwani.

Asubuhi yake, chai ikiwa jikoni, nilimtandikia mkeka uani, nikachukua karata zake, nikampangia zile alizokuwa nazo mara ya kwanza. Nilikuwa nazikumbuka zote. Wazungu wa nne wawili, wazungu wa tatu watatu, mzungu wa pili mmoja, na takataka nyingine.

"Zihesabu," nikamwambia.

"Hizi ni nyingi, mama. Nne na nne, nane. Tatu mara tatu, tisa. Na mbili. Kumi na tisa."

"Rudia."

"Kumi na tisa. Mama, mwenye kumi na tisa asiponadi atanadi nani?"

Nikakaa chini. Nilijiona nimekalia kosa langu mwenyewe, maana hiyo ilikuwa hesabu ya dungu. Alikuwa anaihesabu briji kwa majina niliyompa mimi akiwa na homa.

"Mwanangu, mzungu wa nne si nne."

"Ni ngapi basi?"

"Ni tatu. Ree, ile yenye alama moja, ndiyo nne. Mzungu wa nne tatu, mzungu wa pili mbili, na mzungu wa tatu moja."

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kesho ni jana. "Mzungu wa tatu ni moja?"

"Moja. Na bibi anamzidi kijana, si kijana anamzidi bibi."

"Hilo la bibi nalijua, kwenye kucheza. Lakini kwenye hesabu hakuna aliyeniambia. Wapimaji walisema tu, hesabu wakubwa wako." Akazipitia tena kwa kidole. "Tatu na tatu, sita. Tatu, tisa. Mbili. Kumi na moja."

"Kumi na moja."

"Nilimwambia Bwana Dresa nina kumi na tisa nikiwa na kumi na moja." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chali juu ya mkeka. "Mama, watu wa Kiongoroni wote tumekuwa tukidanganyana miaka mitatu. Ndiyo maana hakuna aliyetimiza ahadi hata siku moja."

Wiki nzima nilimpangia karata. Nikifua, anahesabu. Nikitwanga, anahesabu. Kufikia Alhamisi alikuwa anataja hesabu kabla sijamaliza kuzipanga. Nilimwambia: kumi na tatu unafungua mnada, chini ya hapo funga mdomo. Nilimkaririsha kama sala. Yeye aliitikia kwa kichwa, lakini mara moja moja alikuwa anazitazama zile ndogo ndogo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumamosi ya pili Mashavu aliniwekea kigoda pale pale mlangoni. "Leo usisuke kwa nguvu hivyo," akaninong'oneza. "Wiki iliyopita ulinikatia ukili wa pima nzima."

"Shoga, leo ndiyo leo."

"Najua. Na usikohoe. Bwana ana masikio."

Mwanzo alicheza kama nilivyotaka. Akiwa na saba, pasi. Akiwa na kumi na nne, kopa moja, na wakatimiza. Bwana Dresa akaanza kukaa vizuri kwenye kiti. Bwana Husseini alimtazama Mtoro juu ya miwani mara mbili, na mara ya pili akasema, "Umeonana na daktari wiki hii?"

"Nimeonana na mama," Mtoro akajibu. Nikainamisha kichwa kwenye ukili wangu.

Jua lilikuwa linaelekea magharibi ilipofika mgawo wa mwisho. Kila upande ulikuwa umeshinda mara moja, kwa hiyo mgawo huo ndio wa kumaliza. Bwana Dresa aligawa. Mtoro akazipanga, nami nikazisoma juu ya bega lake. Kopa mbili, saba na nne, hazina maana. Uru nne, kubwa yake mzungu wa nne. Pau saba: mzungu wa nne, wa pili, wa tatu, na ndogo nne. Shupaza hakuna hata moja.

Nikahesabu. Tatu. Tatu, mbili, moja. Tisa. Tisa tu, mwanangu, kaa kimya.

Bwana Dresa akafungua: "Uru moja."

Mwalimu Maneno: "Shupaza moja."

Mtoro: "Pau mbili."

Nikasema si kitu, mwenzake amefungua, ameongeza kidogo tu. Kisha Bwana Husseini akaweka karata zake kifudifudi kwenye paja na kusema, polepole, "Shupaza nne." Yaani yeye na Mwalimu wamepatana rangi, na wanaahidi mafungu kumi.

Bwana Dresa akasema pasi. Mwalimu Maneno akasema pasi.

Ikarudi kwa Mtoro. Kwangu mimi jibu lilikuwa wazi kabisa. Tisa, pasi, waache wacheze, huenda wakashindwa. Tumefundishana siku sita. Nilitazama kisogo chake kana kwamba naweza kukisukuma kwa macho. Nikataka kukohoa. Mashavu akanishika goti.

Mtoro alizifungua karata zake tena. Huyu asiyezitazama mara mbili alizitazama mara ya pili. Akazifunga.

"Pau tano," akasema.

Tano ni mafungu kumi na moja. Wiki iliyopita aliahidi kumi akapata saba.

"Rudia nikusikie," akasema Bwana Husseini. "Tano?"

"Tano, bwana mkubwa."

"Ulikuja na pau zako kutoka Kiongoroni?"

"Hizi nimegawiwa na Bwana Dresa."

"Mimi nimo humo?" akasema Bwana Dresa. "Msinitie mimi."

Bwana Husseini akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa. "Dabo," akasema. Dabo ni kusema huamini: akishindwa, hasara yake mara mbili. Wengine wote wakasema pasi. Nikaona kila kitu kimeondoka: stoo, nyumba, zahanati. Nikaona mtumbwi. Sikujua kama nimkasirikie yeye au nijikasirikie mimi niliyemzaa na moyo mkubwa hivyo.

Bwana Husseini akaanza kwa bibi wa kopa. Bwana Dresa akatandaza karata zake zote mezani, maana mwenzi wa anayecheza hana kazi tena. Wao humwita bubu. Nikaziona: ree ya kopa, ree ya uru na kijana wake, mzungu wa nne wa shupaza ambaye hatatufaa kitu, na pau mbili ndogo.

Mtoro akala kwa ree ya kopa. Akavuta pau kutoka kwa bubu, akaweka mzungu wa nne. Bwana Husseini akaishusha ree ya pau juu yake kama anayefunga mlango. Fungu moja limekwenda. Akarudisha kopa, Mwalimu Maneno akala kwa mfalme wake. Mawili yamekwenda. Mtoro akipoteza jingine, basi.

Mwalimu Maneno, kwa raha zake, akaweka ree ya shupaza. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtoro hakuwa na shupaza. Akaikata kwa pau ya nne, ile ndogo kuliko zote, kwa vidole viwili. Ree nzima imekufa kwa nne ya pau.

"Aa," akasema Mwalimu Maneno.

Kisha Mtoro akashusha bibi wa pau, na kijana wa pau, mpaka pau za wengine zikaisha. Zikabaki uru. Bibi wa uru alikuwa upande wao, na sikujua kwa nani. Mtoro akacheza mzungu wa nne wa uru, na bibi akaanguka hapo hapo kutoka kwa Mwalimu, hana mwenzake. Yaliyobaki hakuyacheza. Aliziweka wazi mezani. "Zote zangu," akasema.

Bwana Dresa alihesabu mafungu kwa kidole, akahesabu tena, kisha akatoa leso akapangusa shingo. "Kumi na moja," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kuhama mji."

Bwana Husseini alizigeuza karata za Mtoro, akazipanga mbele yake. "Una tisa hapa," akasema. "Nilikupa dabo nikijua ugonjwa wako umerudi. Sasa niambie kwa nini hukusema pasi, na usiniambie ni bahati."

"Bibi wa uru alikuwa bahati," akasema Mtoro. "Mengine si bahati. Mwalimu kasema shupaza, wewe umezipandisha mpaka nne. Zote mnazo nyinyi, mimi sina hata moja. Nguvu yenu yote imekaa mahali ambapo haiwezi kunigusa. Na mwenzangu kasema uru, na mimi ninazo nne."

"Na tisa?"

"Tisa ni hesabu ya nene tu, bwana mkubwa. Kule Kiongoroni ukitazama rundo ukahesabu boriti nene peke yake, unakosea kila siku. Nyembamba zikiwa nyingi na ni za namna moja, ndizo zinazojaza chombo."

Bwana Husseini alikusanya karata, akazigonga mezani mpaka zikalingana, akazirudisha kwenye kibweta. Mwalimu Maneno alisimama akaaga, Bwana Dresa akamfuata. Mtoro naye akanyanyuka.

"Nyumba ya stoo ina vyumba viwili," akasema Bwana Husseini akiwa bado anaangalia kibweta. "Paa la jikoni linavuja. Mkeo ataiweza?"

"Ataiweza."

"Jumatatu njoo ofisini na cheti chako cha darasa la nne. Na uniambie ni nani aliyekufundisha hesabu wiki hii."

Mtoro akageuka kunitazama, na Bwana Husseini akageuka pia. Mashavu ndiye aliyejibu. "Amekaa mlangoni mwako miezi minane, bwana. Hujamwona?"

"Namwona akisuka," akasema Bwana Husseini. Akanitazama kidogo zaidi. "Bi Mwantum, wewe ungenadi ngapi?"

Sikutaka kusema uongo. "Mimi ningesema pasi."

"Mimi pia," akasema, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata Mtoro alikwenda kukabidhi kazi Kiongoroni, nami nikafuatana naye ili nimsaidie Sijaona kufunga vitu. Tulimkuta nyuma ya nyumba anapara samaki, tumbo limetangulia, miguu imevimba kidogo, kitu ambacho sikukipenda nikakiweka moyoni ili nimweleze Bwana Dresa wa zahanati. Mtoro alibaki ufukweni na watu wa boriti. Nikamwambia habari moja kwa moja, kwamba mumewe ameipata stoo kwenye meza ya briji ya Bwana Husseini, tunahama, vyumba viwili, jikoni panavuja.

Sijaona alimalizia samaki aliyekuwa naye, akaosha kisu.

"Alinadi ngapi?" akaniuliza.

"Tano."

"Akiwa na ngapi?"

"Tisa."

Sijaona akatikisa kichwa, akajipangusa mikono kwenye kanga, akainuka kwa kunishika bega. "Mama," akasema, "mkeka mkubwa tuubebe sisi. Yeye atausahau."